Kuzaliwa na Kufa kwa Mashirika: Funzo la Pwani ya Mtwara

Katika madarasa ya siasa, suala la mashirika huzungumzwa mara nyingi kwa swali moja tu: nani analimiliki? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Hapana budi tuulize pia: nani aliyelizaa, nani ana uwezo wa kuliua, na likifa, nani anarithi mali na nani anaachiwa hasara? Pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, inaweza kutufundisha, kwa sababu imepitiwa na mashirika ya kila namna tangu ilipoingiliwa na ukoloni.

Tuanze na maana. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu. Inamiliki mali, inakopa, inashtaki na inashtakiwa. Lakini ni mtu asiye na mwili. Wenye hisa wote wanaweza kufa, au kuziuza hisa zao, na kampuni ikaendelea kuishi. Huzaliwa kwa karatasi na hufa kwa karatasi. Kwa hiyo umri wake haupangwi na maumbile. Hupangwa na sheria. Na sheria haianguki kutoka mbinguni: hutungwa na wale walio na dola mikononi mwao.

Kampuni mbili, mto mmoja

Tarehe 27 Februari, 1885, Kaisari wa Ujerumani alikipa hati ya ulinzi chama cha Carl Peters, na humo ikazaliwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha Kampuni hiyo utawala wa pwani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi Agosti Kampuni ikaanza kutawala. Ilipofika Septemba watu walikwisha kuinuka, kutoka Pangani hadi Mikindani. Kilwa waliuawa maofisa wake wawili. Wale wa Lindi na Mikindani waliokoka kwa kukimbia. Hati ya Kaisari, pamoja na muhuri wake, haikuweza kuilinda Kampuni mbele ya watu walioikataa. Ilibidi dola la Ujerumani lenyewe lilete majeshi, ambayo yaliirudisha pwani ya kusini mikononi mwa Wajerumani Mei 1890.

Sasa tutazame kazi ya sheria. Kwa mkataba wa Novemba 1890, serikali ya Ujerumani ilichukua utawala kuanzia tarehe 1 Januari, 1891. Je, Kampuni ilizikwa? La. Iliendelea na mashamba na biashara, na ikaahidiwa marki 600,000 kila mwaka kutokana na ushuru wa forodha. Yaani wale waliokataa kutawaliwa na Kampuni waliendelea kuilipa kila walipopitisha bidhaa bandarini. Watu waliuvunja utawala wake. Sheria iliokoa faida yake.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikuwa mengine kwa umbo, si kwa asili. Mwaka 1891, Ureno ilitoa hati kwa Kampuni ya Niassa kutawala nchi yote kati ya Ruvuma na Mto Lúrio. Kampuni hii ilipewa umri kabisa: miaka 35. Katika muda huo ilitoza kodi ya nyumba na kuwatumikisha watu kwa nguvu. Hisa zake zilipita mkono hadi mkono kati ya matajiri wa Ulaya, na mwaka 1914 mabenki ya Ujerumani yalinunua sehemu kubwa. Mkulima wa Kimakonde hakujua wala hakuulizwa ni nani aliyemnunua mtozaji wake wa kodi. Wengi walijibu kwa miguu: walivuka mto. Oktoba 1929 muda wa hati uliisha na serikali ya Ureno ikakataa kuiongeza. Kampuni ilikufa kwa kalenda, lakini kodi na kazi za shuruti hazikufa nayo. Zilirithiwa na serikali ya kikoloni.

Shirika la karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja mtu mwingine wa karatasi. Mwaka 1948, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyounda shirika la umma la kuzalisha chakula ng'ambo, nalo likakabidhiwa mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, na Mtwara ikajengwa bandari yenye kina kirefu. Januari 1951 mradi mkubwa uliachwa, hasara ikiwa imefikia kiasi cha pauni milioni 36. Bunge lile lile likalifuta deni, na mwaka 1955 kazi iliyobaki ilikabidhiwa kwa shirika la kilimo la Tanganyika. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa hazipo. Reli ilifungwa mwaka 1962.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Lakini shirika halina wa kwao. Janga lake huliwa na mlipa kodi wa nchi iliyoliunda, na na kijana aliyeacha shamba lake kufuata kibarua kilichotoweka.

Mashirika yetu wenyewe

Itakuwa uongo kuishia hapo na kuwalaumu wageni tu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulikuwa na dola, na tulikuwa na sheria. Sheria ya Mashirika ya Umma ya 1969 ilimwezesha Rais kuunda shirika kwa amri. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Korosho. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, navyo vilikuwa mali ya wanachama. Vilivunjwa bila wanachama kupiga kura.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, malipo yalichelewa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika, na katikati ya miaka ya 1980 Mamlaka iligeuzwa kuwa bodi. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje vilifungwa, na katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 na baada yake vikauzwa. Mikopo haikufungwa pamoja na viwanda. Ilibaki kuwa deni la taifa.

Funzo ni nini? Mmiliki asiyeweza kuzuia kuzaliwa kwa shirika, asiyeweza kulikagua likiwa hai, wala kusema neno siku ya kulifilisi, ni mmiliki wa jina. Watu wa Mikindani wa 1888 hawakuwa na hisa wala kura, lakini waliivunja Kampuni. Mkulima wa korosho wa 1976 aliambiwa kwamba shirika ni lake, na hakuweza hata kukiokoa chama alichokichangia kwa jasho.

Kwa hiyo kada anayekwenda kijijini asitosheke kutangaza kwamba chama au shirika fulani ni la wananchi. Akafungue katiba yake pamoja na wanachama. Wasome ni mkutano gani una uwezo wa kukivunja chama, nani anamteua mfilisi, na mali inakwenda wapi. Kazi hiyo ifanywe chama kingali hai. Siku ya kufilisi, sheria husomwa na mrithi peke yake.