Mtoto akiachwa maktaba, mlinzi ni nani?

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, maktaba za umma hujaa watoto. Katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, kuna sababu ya ziada. Mama anayechuma hutoka alfajiri, kisha husubiri mizani na lori kituoni, na lori likichelewa, jioni humkuta huko huko. Kwa wanaoishi karibu na mji, maktaba huonekana mahali salama pa kumwacha mtoto: ina paa, ina viti, na mtu mzima yupo mlangoni.

Ila mtu mzima huyo ni mkutubi, si yaya. Kazi yake ni vitabu na wasomaji wote, na hawezi kujua kama mwanamume aliyekuja kumchukua mtoto ni mjomba kweli au la. Maktaba ni ya umma, yeyote huingia. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaweka wajibu huo kwanza kwa mzazi. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata yule wa sekondari anayejiona mkubwa yumo.

Wa miaka mitano au sita asiachwe peke yake hata dakika kumi. Akiwa na dada yake wa miaka tisa, hao ni watoto wawili walioachwa, si mtoto na mlezi. Aliye mkubwa kidogo aende na chakula, ajue jina kamili la mzazi na namba ya simu kichwani, na aambiwe wazi nani atakuja kumchukua. Kama ni wa bodaboda, awe anayemfahamu.

Saa ya kufunga ndiyo hatari zaidi. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine ya mawe, na mtoto aliyetolewa nje hujikinga popote atakapopata, kando ya barabara ya Nakuru na Kisumu yenye malori.

Wakutubi nao wana lao. Mtoto akikimbia kati ya rafu au kuchana kitabu, aelezwe kwa upole, ahamishwe kiti, mzazi apigiwe simu. Kofi haliruhusiwi, Ibara hiyo hiyo ya 53 inakataza ukatili wa kila namna. Na kumfukuza nje mtoto mdogo kwa kelele ni kumtoa kwenye usalama ili wengine wasome kwa utulivu, jambo ambalo mimi siwezi kulitetea.

Serikali za kaunti, ambazo Katiba imezikabidhi maktaba, zingeweza kuajiri mtu wa sehemu ya watoto wakati wa likizo tu. Kwa sasa, ukimwona mtoto maktaba ameachwa hadi milango inafungwa, mjulishe mkutubi, kaa naye, na mzazi asipopatikana piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto inayopokelewa usiku na mchana.