Lugalo na darubini ya bunduki

Jana nikiwa hapa Kihesa baba mdogo alinipigia. Ana leseni ya kuwinda, anataka darubini ya bunduki, kachanganyikiwa: ya pete ya mbele au ya nobu ya pembeni? Nikamwambia, baba, tuanzie Lugalo.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa kinapita pale, si mbali na hapa Iringa. Bunduki zao zilikuwa na vilengeo vya kupandisha na kushusha kufuata umbali. Wahehe wa Mkwawa walijificha vichakani, wakatokea karibu kabisa na mikuki yao. Nani angepata muda wa kupandisha kilengeo? Dakika chache tu kazi imekwisha, Zelewski kafa, na bunduki kama 300 zikabaki kwa Wahehe.

Darubini nazo zina shida hiyohiyo ya muda. Pete ya mbele inakulazimisha unyooshe mkono na kuinua kichwa, mnyama keshakimbia. Nobu ya pembeni unaizungusha jicho likiwa palepale, ila bei imesimama. Ipo na ya tatu: imepangwa kiwandani kwa mita kama 90, wewe unazungusha kioo cha jichoni mara moja tu mpaka msalaba uonekane vizuri.

Kwa porini kwetu, ambako mnyama unamwona karibu, nikamshauri hiyo ya tatu. Nobu ni ya anayepiga mbali kweli.

Baba mdogo kacheka: kumbe historia mnasoma! Haya, kesho nina testi.