Katalogi Yenye Hashiya

Agosti 1848, katika jumba la Stowe huko Buckinghamshire, Uingereza, madalali wa Christie walianza kuuza mali ya Duke wa pili wa Buckingham na Chandos, aliyekuwa amezama katika madeni yaliyozidi pauni milioni moja. Mnada ulichukua siku 40.

Katalogi huchapwa kabla ya mnada. Hutaja picha na mchoraji, lakini haiwezi kujua nani atanunua wala kwa bei gani. Hayo huandikwa kwa kalamu na waliohudhuria, kando ya kila fungu, nyundo inapogonga. Nakala iliyoandikwa hivyo ndiyo tunayoitafutia jina. (Nasema fungu, kama mafungu ya nyanya sokoni: kinachouzwa kwa bei moja, kiwe kitu kimoja au kumi.)

Kuiita "katalogi yenye maelezo" hakutoshi, maana kila katalogi ina maelezo yaliyochapwa. Tanbihi nayo hukaa chini ya ukurasa, na mara nyingi ni ya mwandishi mwenyewe. Neno tunalo tayari: hashiya. Waliosoma vitabu vya dini vyuoni pwani wanaijua, maandishi ya pembezoni, mkono wa msomaji juu ya kitabu cha mwingine. Basi naiita katalogi yenye hashiya, na sioni jina linaloizidi.

Thamani yake Henry Rumsey Forster aliiona mapema. Mwaka huohuo wa 1848 alichapisha katalogi ya Stowe pamoja na bei na majina ya wanunuzi. Picha iitwayo Chandos, inayodhaniwa kuwa ya Shakespeare, iliuzwa hapo kwa gini 355 kwa Earl wa Ellesmere. Mwaka 1856 Earl huyo aliitoa zawadi kwa National Portrait Gallery, London, ikawa picha ya kwanza ya hazina hiyo. Safari ya picha kutoka mkono hadi mkono hufuatwa kwa alama kama hizi.

Hata hivyo hashiya husomwa kwa hadhari. Jina lililoandikwa huenda ni la wakala tu, na tajiri aliyemtuma hakutajwa. Pengine bei haikufika kiwango alichotaka muuzaji, kitu kikarudi kwake. Ndiyo maana mtafiti huweka nakala mbili za mnada mmoja kando kwa kando: huenda mmoja aliandika akiwa karibu na dalali, mwingine akiwa nyuma, alikosikia nusu.