Nairobi na Viwanja Vyake vya Wazi

Mwaka 1906, Alibhai Mulla Jeevanjee, mkandarasi mzaliwa wa Karachi, aliukabidhi mji wa Nairobi bustani aliyoitengeneza kwa fedha zake. Reli ilikuwa imefika pale miaka saba tu kabla. Bustani hiyo ingalipo, imezungukwa na maghorofa, na mchana utawakuta humo wahubiri, vibarua waliojinyoosha kwenye nyasi, na kundi la Bunge la Mwananchi likibishana kuhusu siasa. Mwaka 1991 nusura igeuzwe maegesho ya magari. Mjukuu wa Jeevanjee, mwandishi Zarina Patel, aliwaongoza waliokataa, na mpango ukafa.

Naanza na bustani hii kwa sababu kisa chake kimejirudia kote jijini. Ramani na sheria zilitenga ardhi ya wazi, lakini iliyosalimika, mara nyingi, ni ile iliyopata watu wa kuisimamia.

Wakoloni walipenda kupanga. Msitu wa Karura ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ikaanzishwa mwaka 1946, na Mpango Mkuu wa 1948, kazi ya wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, ulikusudia vitongoji vyenye mikanda ya kijani kati yake. Ila neema hiyo ilifuata rangi ya ngozi. Upande wa magharibi na kaskazini, walikokaa Wazungu, kulikuwa na misitu, viwanja vya gofu na nyua pana. Mashariki, walikowekwa Waafrika, watu walibanana. Mitaa michache kama Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na nyasi katikati ya nyumba, ndiyo iliyoonja kidogo.

Baada ya uhuru jiji lilifurika. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 119,000. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Ardhi ikawa dhahabu, na ardhi ya umma ikawa rahisi kuliko zote kuchukuliwa, maana haikuwa na mwenyewe wa kugombana naye. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi hiyo na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza mbinu zilizotumika: wenye madaraka wanatoa barua za ugawaji kwa wandani wao, wandani wanaiuza ardhi haraka kwa mnunuzi mwingine, naye anajitetea kwamba alinunua kihalali. Viwanja vya kuchezea, kingo za barabara, misitu, hata makaburi, vilipotea hivyo.

Mwaka 1989 zamu ikafikia Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta miaka 20 nyuma. Chama tawala kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, kwa serikali na kwa wafadhili wa nje. Wabunge walimkejeli bungeni, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi ya serikali, likahamia nyumbani kwake. Wafadhili wakajitoa. Mwanzoni mwa 1992 uzio uliokuwa umezingira eneo la ujenzi uling'olewa.

Karura ilidai gharama kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya msitu huo wa hekta zipatazo 1,041 ilikuwa imegawiwa kampuni binafsi, na miti ilishaanza kuangushwa. Januari 8, 1999, Maathai na wenzake, wakiwamo wabunge, walifika langoni wakiwa na mche mmoja wa kupanda. Genge la vijana waliokodiwa liliwavamia kwa marungu na mijeledi. Maathai alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwezi Agosti Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Huduma ya Misitu na wakazi wa jirani wanausimamia msitu huo pamoja, na familia zinatembea humo wikendi.

Ushindi huu una upande usiosemwa sana. Karura inapakana na makao ya Umoja wa Mataifa na mitaa ya matajiri, na Bustani ya Uhuru iko mlangoni pa serikali, hivyo kilio cha watetezi wake kilisikika hadi ng'ambo. Kusini, Mbuga ya Nairobi imepitiwa na daraja la reli ya kisasa, huku nyanda za Kitengela, ambako wanyama wake walizoea kutoka na kurudi, zikikatwa vipande vya ploti na kuzungushiwa nyaya. Na Eastlands, upande wa mashariki, viwanja vya udongo wanakochezea watoto bado vinavamiwa. Huko huko, Uwanja wa Kamukunji, uliobeba madai ya vyama vingi mwaka 1990, una historia nzito kuliko bustani nyingi zilizopandwa maua. Katiba ya 2010 imeiweka ardhi ya umma chini ya uangalizi wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Basi na ianze na viwanja hivi vidogo vya mashariki: vipimwe, viwekewe mipaka, na hati zake ziandikwe kwa jina la umma kabla barua nyingine ya ugawaji haijaandikwa.