Vyombo vya Mbao Walivyotuachia Wazee Wetu



Katika yubile tunawakumbuka waliotutangulia. Inafaa tukumbuke pia vyombo vya mbao walivyotuachia: viti virefu, kabati za sakristia, kiti cha kitubio.

Mapadri Waasumpsioni walifika Kongo mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikafanywa Vikariati, chini ya Monsenyeri Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa diosezi, na tangu mwaka 1967 inaitwa Butembo-Beni. Kila kanisa lililojengwa lilihitaji altari na viti, na pori la upande wa Beni lina miti migumu ifaayo kazi hiyo.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza Konstitusio juu ya Liturujia. Baadaye altari zikageuzwa, padri akawaelekea watu, na mahali pengi duniani vyombo vya zamani vilitupwa au kuuzwa. Lakini Konstitusio hiyohiyo, katika namba 126, inawaagiza maaskofu waangalie vyombo vitakatifu visiuzwe wala kupotea, maana ni pambo la nyumba ya Mungu. Tarehe 11 Aprili 1971, Roma iliwaandikia wakubwa wa Mabaraza ya Maaskofu, ikisikitika kwamba wengine walifanya mageuzi hayo kuwa sababu ya kuharibu vitu vya thamani.

Basi fundi afanye nini? Kwanza, amtafute adui. Mchwa hupandia chini, mguu wa kiti unapogusa udongo. Jiwe chini ya mguu ni dawa ya kwanza. Pili, akate sehemu iliyooza tu, aunge kipande cha mti wa aina ileile, kilichokauka vizuri, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao wa zamani. Ubao mbichi hupunguka ukikauka, na kiungo hufunguka. Tatu, asikimbilie msumari: huingia kutu na kupasua mbao. Nne, asipige randa mno: alama za mikono na magoti ya wazee zikiondolewa hazirudi.

Kwa hiyo, ndugu, kiti kikilegea tusikipeleke jikoni kuwa kuni. Tumwite seremala kwanza, tumwulize Padri, kisha tuamue.

Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala. Mtakatifu Yosefu atuombee.