Baba Yetu Alikuwa Mhamaji: Watu wa Unguja na Asili Zao





Somo la kwanza la Dominika hii ya Kwanza ya Kwaresima limetoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Mwisraeli anayeleta kapu la malimbuko mbele ya kuhani anaamriwa aisimulie asili yake. Hatakiwi kujisifu kwa shamba lake wala kwa ukoo wake. Anatakiwa akiri kwamba baba yake alikuwa Mwaramu, mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache akakaa huko ugenini. Mwenye shamba anakumbushwa, katika furaha ya mavuno, kwamba yeye ni mtoto wa mhamaji.

Baada ya Misa nilimsikia muumini mmoja, ambaye babu yake alikuja Unguja kutoka Bara, akiwasema waamini wapya waliofika hivi karibuni kutafuta kazi: "Hao ni watu wa kuja." Nilinyamaza, lakini neno hilo limenifuata wiki nzima. Nani katika kisiwa hiki si mtu wa kuja? Naomba leo tulitazame swali hilo kwa utulivu, tukiongozwa na historia.

Tuanze na wale tunaowaita wenyeji wa asili. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya Kufi ya mwaka 1107, miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa Uislamu katika pwani yetu. Watu wa kusini na mashariki, wa Makunduchi, Jambiani na Paje, walijulikana kama Wahadimu. Wale wa kaskazini na wa kisiwa cha Tumbatu, kama Watumbatu. Wengi wao wamejiita pia Washirazi, kwa kuwa wazee wao walisimulia kwamba mababu walivuka bahari kutoka Shirazi, nchi ya Uajemi. Hata leo, kila mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Kiajemi. Nalo jina Mhadimu latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi. Basi hata mwenyeji wa kwanza anabeba simulizi la safari, na jina alilopewa na mwingine.

Wareno walifika mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1503 waliitoza Unguja kodi kwa nguvu ya mizinga. Walijenga kikanisa pale Forodhani. Baada ya Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanguka mwaka 1698, Waarabu wa Oman walijenga Ngome Kongwe mahali pale pale. Hapo tuna fundisho la kutunyenyekeza: Kanisa lililofuata nyuma ya mizinga liliondoka pamoja na mizinga.

Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, yapata mwaka 1840, mji ulifurika watu wa kila pembe. Walikuja Waomani wenye mashamba ya karafuu, na Washihiri kutoka Hadhramaut, wengi wao mahamali na wachuuzi. Walikuja Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Mabaniani, Mabohora, Maismailia na Maithnaasheri, ambao walishika biashara na kukopesha fedha. Walikuja Wangazija, na miongoni mwao wanazuoni wakubwa kama Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija na kuwa kadhi hapa hadi kufariki kwake mwaka 1925. Wanyamwezi walikuja wakiwa wapagazi wa misafara, na Wamanyema walitoka mbali zaidi, mashariki mwa Kongo.

Wengi kuliko hao wote hawakuja kwa hiari. Waliletwa wakiwa wamefungwa, kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko Bara, wakauzwa sokoni Mkunazini. Karafuu zilizoutajirisha mji huu zilichumwa kwa mikono yao. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sultani Barghash, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897.

Hapo ndipo Kanisa lilipoingia mara ya pili, safari hii bila mizinga. Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava alifika kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista wa Mabinti wa Maria. Masista hao watafakarini vizuri. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa huko, nalo liliwapokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Kwa hiyo wamisionari wa kwanza wa kike waliofika Unguja walitoka katika shirika lililoujua mnyororo kwa karibu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifuata mwaka 1863, wakaendelea kuwakomboa na kuwalea watoto, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo.

Pamoja na watoto hao, waamini wengine wa mwanzo walikuwa Wagoa kutoka India: makarani, washonaji, wapiga picha, na wanamuziki waliopiga katika bendi ya Sultani. Kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1898, na chini ya paa lake walipiga magoti Mgoa karani, Mfaransa mmisionari, na mtoto wa Kiyao aliyekombolewa. Sitaki kuipamba historia. Hawakuwa sawa mbele ya macho ya mji, na pengine hata mabenchi hayakuwa sawa. Lakini Ekaristi ilikuwa moja.

Sasa tufike mahali panapouma. Zamani jina la kabila hapa Unguja lilikuwa kama kanzu: mtu aliweza kulivaa na kulibadili. Aliyeachwa huru, asiyependa kukumbushwa mnyororo, alijiita Mswahili. Jina hilo lilipoanza kudharauliwa, wengi walijiita Washirazi. Ndiyo maana kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana, ingawa watu wenyewe hawakwenda popote.

Kisha serikali ya kikoloni ikalifanya jina kuwa tiketi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula ulifuata kabila. Aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi alitengewa mchele ambao aliyeandikwa Mwafrika hakutengewa. Fikirini, ndugu zangu: jina lako ndilo linaloamua kilichomo sufuriani. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu 264,162 Unguja na Pemba, na kumweka kila mmoja katika fungu lake. Vyama vya siasa vilipozaliwa miaka ya 1950, mafungu yale yalikuwa tayari yakisubiri. Katika machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Wengi waliyapokea kama ukombozi kutoka dhuluma ndefu, na dhuluma ile ilikuwa ya kweli. Lakini maelfu walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao kosa lao lilikuwa jina. Wengine waliondoka, pamoja na sehemu kubwa ya Wagoa waliojaza mabenchi yetu.

Waliokimbilia Oman walikutana na jambo la ajabu. Hapa waliambiwa warudi kwao Uarabuni. Kule Muscat waliitwa Wazanzibari, kwa kuwa walizungumza Kiswahili na kuutamani wali wa nazi. Kwao ni wapi, basi?

Jimbo letu la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1980, na leo wengi wetu tuna asili ya Bara. Tunajua uchungu wa kuulizwa "Kwenu wapi?" tukiwa tumezaliwa hapa hapa. Tunajua pia hofu: Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali, na Dominika ya tarehe 17 Februari 2013 Padre Evaristi Mushi aliuawa kwa risasi alipofika kanisani kuadhimisha Misa. Sheikh na padre, wote wawili waliumizwa katika kisiwa hiki kimoja. Hatuna haki ya kusema kwamba maumivu ni ya upande wetu peke yake.

Kwa sababu hiyo neno "watu wa kuja" lisisikike tena kwenye uwanja wa kanisa letu. Anayelitamka anawapimia wenzake kwa kipimo kile kile kilichomuumiza babu yake.

Kwaresima hii naomba tufanye mambo mawili. Kwanza, kila familia iwasimulie watoto asili yake kwa ukweli, kama Mwisraeli na kapu lake: tulitoka wapi, tulikuja kwa njia gani, nani alitupokea. Kama palikuwa na mnyororo, usifichwe. Kama palikuwa na aliyeushika mnyororo, naye asifichwe. Pili, tuwatembelee waamini wapya katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na jirani Mwislamu anapofunga Ramadhani tumheshimu katika saumu yake kama tunavyopenda kuheshimiwa katika yetu.

Mwisraeli alipomaliza kusimulia aliinama, akaabudu. Kisha Maandiko yanaagiza afurahie mema yote aliyopewa na Mungu, yeye pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Simulizi la mhamaji linaishia mezani, na mgeni ameketi.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko