Kofia ngumu ilificha sura, rangi ikairudisha

Wadau, leo tuweke siasa pembeni. Pita kijiwe chochote cha bodaboda uangalie helmeti (au "elementi", kama wengi wetu tunavyoiita). Utakuta stika ya Simba au Yanga, bendera, hata jina la mtoto. Wapo wanaosema huo ni utoto. Mimi nasema hapana, jambo hili lina historia yake.

Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza aliyeitwa Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki kwao Uingereza. Hakuvaa kofia. Siku sita baadaye akafa kwa majeraha ya kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuliacha jambo lile liishie makaburini. Mwaka 1941 alichapisha utafiti kuhusu wanajeshi waliokuwa wakiumia vichwa kwenye pikipiki, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru waendeshaji wake wavae kofia ngumu.

Kofia za enzi hizo zilikuwa kama bakuli, uso wote nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bell ya California ikaleta kofia inayofunika kichwa chote hadi kidevu. Usalama ukaongezeka, lakini mtazamaji akapoteza kitu: hakujua tena nani anapita. Rangi ndiyo ikamjibu.

Mfano mzuri ni Barry Sheene wa Uingereza. Helmeti yake ilichorwa bata Donald Duck, na namba yake ilikuwa 7. Mwaka 1975 alianguka kule Daytona, Marekani, akiwa kwenye kasi ya takriban kilomita 280 kwa saa. Alivunjika paja, mbavu na mtulinga, lakini akapona. Mwaka 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia wa 500cc, na yule bata akajulikana karibu kama yeye mwenyewe.

Kisha akaja Valentino Rossi wa Italia na mchoraji wake Aldo Drudi. Mwaka 2008 huko Mugello, Rossi alivaa helmeti yenye picha ya uso wake mwenyewe juu, macho yamemtoka kwa hofu, kama mtu anayeshika breki akiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Akashinda. Mwaka 2009 alianguka Indianapolis, basi mbio zilizofuata, Misano, akaja na helmeti ya punda. Alijicheka mwenyewe, kisha akashinda tena!

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Helmeti nyingi za bei nafuu ni za plastiki. Thina, petroli na baadhi ya rangi za kupuliza huweza kuila plastiki hiyo kimyakimya. Kwa nje inang'aa, kwa ndani imedhoofika, na siku ya kuanguka inapasuka. Kabla hujapaka chochote, soma maelekezo ya mtengenezaji. Ukitaka nakshi, ni salama zaidi kununua iliyopakwa rangi kiwandani.

Cairns alihangaika ili kichwa kibaki kizima. Sheene na Rossi walitaka tuwatambue waliomo ndani. Yote mawili yanawezekana, mradi urembo usile kinga.

Je, mdau, helmeti ya mtaani kwenu imeandikwa nini?